Picha ya CT imetoka safi, mbona kichwa bado kinauma?

Msomaji wa Kayole, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka 34, ni keshia katika duka moja kubwa kando ya Outering Road. Kichwa kimemuuma karibu kila siku tangu mwezi wa nane mwaka jana. Ametibiwa malaria mara mbili na taifodi mara tatu. Ameambiwa ni presha, kisha ni sainasi, kisha ni macho, akanunua miwani. Mwishowe alipigwa picha ya CT, ikatoka safi. "Daktari, kila kipimo kinasema niko sawa, na mimi siko sawa," anaandika. "Jirani yetu alianza hivi hivi, ikapatikana ni uvimbe kwenye ubongo. Nichukue mkopo wa chama nifanye MRI? Nataka tu mtu aniambie ni nini."

Dada, pole sana. Umezungushwa vya kutosha, kwa hiyo naanza na jibu lenyewe. Kwa jinsi ulivyoeleza, naamini una kipandauso (migraine), na kipandauso hicho kimegeuka kuwa cha kila siku kwa sababu ya dawa za maumivu unazomeza. Ni matatizo mawili yaliyoshikana, na yote mawili yanatibika. Atakayethibitisha ni daktari atakayekukagua ana kwa ana, na hapa chini nitakuambia umwombe akague nini. Kuna pia jambo moja katika barua yako ambalo hukulipa uzito, nami naona ndilo la haraka kuliko yote. Nitalifikia.

Kwanza uelewe kwa nini vipimo vyote vimekaa kimya. Kipandauso hakionekani kwenye damu wala kwenye picha. Hakuna maabara Nairobi, wala kwingineko duniani, inayoweza kukichapisha kwenye karatasi ya majibu. Hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na kwa kumkagua mwili, basi. Mwongozo ambao madaktari wa fani hii hutumia duniani kote, toleo lake la tatu la mwaka 2018, umeandikwa karibu wote kwa maswali: linauma upande gani, linauma vipi, kwa muda gani, linakuja na nini. Kwa hiyo picha safi haina maana kwamba ugonjwa umejificha. Kwa mwenye kipandauso, picha hutakiwa kutoka safi. Kinachonisikitisha ni kwamba umelipa kila mtu mwenye mashine, na inaonekana hakuna aliyekupa dakika 15 za kukusikiliza.

Sasa tusome barua yako pamoja, maana majibu mengi umeyaandika mwenyewe. Unasema maumivu huanza nyuma ya jicho la kulia, yanapiga kwa mapigo, na ukipanda ngazi za stoo yanazidi. Unasema siku mbaya mlio wa mashine ya kusoma bei huwezi kuuvumilia, unamwomba mwenzako akushikie kaunta, unaingia stoo, unazima taa na kukaa juu ya katoni hadi harufu ya sabuni ya unga ikufukuze. Unahisi kichefuchefu, mara nyingine unatapika, na ukifika nyumbani unalala mpaka kesho yake. Na unakumbuka kwamba ulipokuwa sekondari ulikuwa ukiumwa kichwa hivyo hivyo siku moja au mbili kila mwezi ukikaribia hedhi, kama mama yako.

Hiki ni kipandauso waziwazi. Maumivu ya upande mmoja, yanayopiga, makali, yanayozidishwa na mwendo, yanayodumu saa 4 hadi 72 yasipotibiwa, pamoja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na sauti. Hayahitajiki yote kwa pamoja, lakini wewe karibu unayo yote. Maumivu ya kawaida ya kukaza, yale yanayobana kichwa chote kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, hayamtapishi mtu wala kumtafutia chumba cha giza. Na kurithi kutoka kwa mama ni jambo la kila siku katika ugonjwa huu.

Ila kipandauso cha shuleni kilikuja siku mbili na kuondoka. Cha sasa hakiondoki. Kilichobadilika ni nini?

Umeniorodheshea dawa, na nashukuru kwa kusema ukweli: Panadol mbili asubuhi kabla ya kutoka, kidonge cha mchanganyiko cha kioskini saa sita mchana, Brufen jioni. Kila siku, "hata kabla hakijaanza, ili nisiumie kazini." Dada, hapo ndipo penye tatizo. Mtu mwenye kipandauso anapomeza parasetamoli (ndiyo Panadol) au Brufen siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, ubongo wake huweza kuanza kuzalisha maumivu kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa vile vidonge vya mchanganyiko, vyenye parasetamoli, aspirini na kafeini ndani ya kidonge kimoja, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha. Tramadoli na kodeini, dawa kali za maumivu, ni hivyo hivyo. Tazama nyuma ya pakiti ya kidonge chako cha mchana, usome majina. Dawa ikianza kwisha mwilini, kichwa kinauma. Unameza, kinatulia saa chache. Alfajiri kinakuamsha tena. Hii ndiyo sababu unaamka nacho.

Usijilaumu. Hakuna onyo lolote kwenye kioski, na kemisti wengi hukuuzia bila kukuuliza umekunywa mara ngapi wiki hii. Lakini bila kuvunja mzunguko huu hakuna dawa nyingine itakayofanya kazi sawasawa, na zaidi ya hapo, Brufen ya kila siku huumiza tumbo na figo.

Sasa lile jambo la haraka. Karibu na mwisho umeandika, kwa sentensi moja tu, kwamba mara nyingine kabla ya kichwa kuanza unaona "mistari ya kupinda-pinda inayometameta" upande mmoja wa macho kwa dakika kama 20, ndipo maumivu yanafuata. Sentensi mbili mbele umetaja vidonge vya kupanga uzazi, vya kumeza kila siku, ulivyoanza mwaka jana. Hiyo mistari ni dalili ya utangulizi ya kipandauso, hudumu dakika 5 hadi 60, na yenyewe si hatari. Lakini mwanamke anayeipata hatakiwi kutumia vidonge vya uzazi vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu viwili hivyo vikikutana huongeza hatari ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hii katika kundi la 4, yaani njia hiyo isitumike kabisa. Vidonge vingi vinavyotolewa kliniki ni vya mchanganyiko wenye estrojeni. Nenda wiki hii na pakiti yako kwenye kliniki ya uzazi wa mpango, mwambie muuguzi maneno haya: "Nina kipandauso chenye mistari machoni." Kuna sindano ya miezi 3, kipandikizi cha mkononi, kitanzi, zote hizo hazina estrojeni. Usiache vidonge kiholela ukabaki bila kinga, badilisha.

Tena, estrojeni yenyewe inaweza kuongeza makali ya kipandauso kwa baadhi ya wanawake. Miezi ya kuanza vidonge na miezi ya kichwa kuharibika, kwa hesabu ya barua yako, imekaribiana mno.

Kuhusu malaria na taifodi nitasema wazi, maana hapa mjini watu wanamaliza pesa. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na maambukizi ya malaria hapa ni madogo. Kama hukuwa umetoka Kisumu, Busia au Pwani, na hukuwa na homa, kichwa peke yake si malaria. Taifodi nayo ni ugonjwa wa homa inayoendelea siku baada ya siku. Wengi hupimwa kwa kipimo cha Widal, ambacho kina historia ndefu kweli, tangu 1896, lakini hutazama kingamwili tu, na mtu aliyewahi kuambukizwa zamani au aliyeshambuliwa na bakteria wa jamii nyingine anaweza kuonekana "ana taifodi" leo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara. Ukiambiwa tena una taifodi na huna homa, uliza walipima kwa njia gani.

Presha: uliandika 142 kwa 90, ukiwa katikati ya maumivu. Maumivu hupandisha presha, na presha ya kiwango hicho kwa kawaida haiumizi kichwa. Pimwa siku tatu tofauti ukiwa umetulia. Sainasi: wengi walioambiwa kichwa chao ni sainasi wana kipandauso, kwa sababu nacho huleta machozi, pua kuziba na uzito usoni. Bila makamasi mazito yenye rangi na homa, sina imani na jibu hilo. Miwani vaa kama inakusaidia kuona.

Kuna swali ambalo huenda hujaulizwa: je, wengine nyumbani wanaumwa kichwa pia? Umesema yalianza mwezi wa nane, kukiwa bado na baridi. Ukiwasha jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, moshi usioonekana, kaboni monoksidi, hujaa na kuumiza vichwa vya wote waliomo, na unaweza kuua watu usingizini. Kama watoto nao hulalamika kichwa asubuhi na ukitoka nje unapata nafuu, jiko litoke nje leo, na umwambie daktari.

Naja kwenye hofu yako kubwa. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu; uvimbe huumiza unapovuta au kusukuma utando na mishipa inayouzunguka. Kwa sababu hiyo uvimbe huja mara nyingi na mambo mengine: kifafa kinachoanza ukubwani, mkono au mguu kulegea, maneno kupotea, tabia kubadilika, kutapika alfajiri na kuzidi wiki hadi wiki. Kichwa peke yake, kwa mtu wa umri wako ambaye kipandauso kilianza ujanani, ukaguzi wake ni wa kawaida na CT ni safi, ni nadra sana kuwa uvimbe. Simpuuzi jirani yako. Ugonjwa wa mtu unayemfahamu huingia kichwani na kukaa, nami ningekuwa na hofu hiyo hiyo. Lakini mwanzo wake na wako kufanana haina maana kwamba ugonjwa ni mmoja.

Mkopo wa chama usichukue kwa sasa. MRI ina kazi yake, lakini kwa watu wenye kipandauso mara nyingi huonyesha vidoa vyeupe vidogo ambavyo havina madhara, na nimeona watu wakirudi na ripoti hiyo wakiwa na hofu maradufu. Kabla ya MRI kuna kipimo rahisi, na ndicho ningependa zaidi ufanyiwe: daktari akumulike ndani ya macho kwa kile kifaa kidogo chenye taa, ofthalmoskopu, aangalie mahali mshipa wa fahamu unapoingilia jicho. Shinikizo likiwa limepanda kichwani, hapo huwa pamevimba. Hili halipuuziki kwako, kwa sababu CT ya kawaida inaweza kuonekana safi hata wakati shinikizo la maji ya ubongo limepanda, au hata wakati mshipa unaorudisha damu umeziba kwa donge, na vidonge vya estrojeni huongeza hatari ya donge hilo. Mwambie pia kama unasikia mvumo masikioni unaokwenda na mapigo ya moyo, kama macho huingia giza sekunde chache ukiinama, na kama umenenepa haraka mwaka huu. Pamevimba? MRI ifanywe, pamoja na picha ya mishipa ya damu, na hapo hata mkopo nitakuunga mkono. Pako sawa, na nguvu, hisia na mwendo wako ni sawa? Basi pesa za chama zibaki kwenye chama.

Muulize pia kuhusu kipimo cha HIV kama hujapima hivi karibuni, na kiwango cha damu yako. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kichwa kinachoendelea huweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya kuvu au ya TB, na huko matibabu ni tofauti kabisa na hayangoji.

Mambo haya yakitokea usisubiri kliniki, nenda dharura usiku huo huo: maumivu makali kupita yote uliyowahi kupata, yaliyofika kilele ndani ya dakika moja, homa na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa au kifafa, upande mmoja wa mwili au uso kulegea, kuona kupotea, kichwa baada ya kugongwa. Na ukishika mimba, au katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, kichwa kikali chenye presha ni cha hospitali siku hiyo hiyo.

Vinginevyo, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu nawe, anzia huko. Usikimbilie Kenyatta moja kwa moja. Kliniki ya mishipa ya fahamu huko hupokea wagonjwa kwa barua ya rufaa, na foleni ni ndefu. Afisa wa kliniki au daktari wa kawaida mwenye kusikiliza anaweza kukutibu vizuri. Msaidie kwa daftari. Nunua la shule, la kurasa 32, na kila jioni andika mstari mmoja: kichwa kiliuma au la, ukali kutoka 1 hadi 10, dawa uliyomeza na idadi yake, saa ulizolala, chakula ulichoruka, hedhi. Daftari la wiki nne litamwambia daktari zaidi ya bahasha yako ya ripoti. Anza maelezo kwa kusema: "Nina siku nyingi za kichwa kuliko siku zisizo nacho, nameza dawa kila siku, na naona mistari." Sentensi hiyo moja itamwelekeza. Usianze na taifodi.

Kuacha dawa ndiyo sehemu ngumu. Za aina yako zinaweza kuachwa mara moja, lakini kama kuna tramadoli au kodeini usiache bila daktari. Tarajia siku 2 hadi 10 ambazo kichwa kitauma kuliko sasa, na huenda ukatapika na kukosa usingizi. Ndiyo maana nakushauri uombe siku za likizo, umwambie mumeo na mama yako mapema, na umwombe daktari dawa ya kuzuia kutapika. Wengi hujitupa tena kioskini siku ya tatu, wakidhani mambo yameharibika. Ndiyo hali yenyewe inavyopita.

Wakati huo huo uanzishiwe dawa ya kinga, inayomezwa kila siku ili maumivu yasije. Kwa kawaida ningeanza na amitriptilini, miligramu 10 usiku, ikiongezwa polepole. Si ghali na hupatikana. Ukiambiwa ni dawa ya huzuni usishtuke. Kwa kipimo hiki kidogo inatumika kutuliza mishipa ya maumivu. Huleta usingizi na ukavu wa mdomo, na kwa kuwa unatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, imeze saa mbili usiku, si saa nne, usije ukasinzia kwenye matatu ukapitishwa kituo chako. Propranololi ni chaguo lingine zuri, isipokuwa kwa mwenye pumu. Valproeti uikatae, maana inaweza kumdhuru mtoto ukishika mimba. Topirameti nayo vivyo hivyo.

Baada ya kutoka kwenye mzunguko wa vidonge, utabaki na haki ya kutibu shambulio, lakini kwa mpango: kipimo kamili, mapema, linapoanza tu, na si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Aibuprofeni (ndiyo Brufen) miligramu 400, kama huna vidonda vya tumbo, pamoja na metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, kwa ajili ya tumbo lililosimama. Isipotosha, sumatriptani, dawa maalumu ya shambulio la kipandauso, ipo kwenye maduka makubwa ya dawa mjini, kwa cheti cha daktari. Bei yake ni ya juu, kwa hiyo iwekwe kwa siku mbaya.

Kula kitu kabla ya kutoka alfajiri, hata mkate na chai, kwa sababu tumbo tupu hadi saa nne ni mwaliko wa shambulio. Na usilipe deni la usingizi la wiki nzima Jumapili moja; kulala sana kupita kawaida nako huamsha kipandauso.

Dawa ya kinga haionyeshi kazi wiki ya kwanza. Ipe wiki 8 kwa kipimo kilichofikiwa, ukiwa umeacha zile za kila siku, kisha hesabu kwenye daftari. Tunatafuta siku za maumivu zipungue angalau nusu. Zikitoka 25 kwa mwezi zikawa 12, dawa imekubali na uendelee nayo miezi kadhaa kabla ya kuipunguza. Zisipopungua, rudi na daftari, uombe kipimo kiongezwe au dawa ibadilishwe, na kama mbili zimejaribiwa ipasavyo zikashindwa, hapo ndipo uombe barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu.